Ukuta Nyuma ya Kabati la Sahani

Nyumba Na. 4, Mtaa wa Machimbo,
Bryn Gwlith,
Wales.
2 Desemba 1986

Dada yangu Morfydd,

Salamu zangu zikufikie umekaa, na mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza. Nakujua wewe: tarishi akigonga mlango unainuka mbio kama msichana, halafu siku nzima unaugulia. Nyonga yenyewe inaendeleaje? Na kile kikohozi cha Oktoba kimekwisha? Mimi huku sijambo. Magoti hunikumbusha umri wangu kila asubuhi, lakini hayo tumeshazoeana. Mvua ni ileile unayoijua, ilianza mwisho wa Septemba na haijaomba radhi mpaka leo.

Najua umekasirika, na una haki. Ile Ijumaa ya tarehe ishirini na moja ulinitazamia mchana kutwa, umepika supu ya kondoo, umewatangazia majirani kwamba mdogo wako anahamia mtaani kwenu Liverpool, halafu badala ya mimi ukapata simu ya dakika mbili kutoka kibanda cha barabarani. Nilikwambia mawakili wamechelewesha mambo. Mawakili hawakuchelewesha kitu, dada. Wamesingiziwa, na pengine ni mara yao ya kwanza. Nyumba ya mama haikuuzwa. Nitakueleza yote kwa utaratibu, nami nakuomba usiruke kurasa kutafuta mwisho, maana ndivyo unavyosoma kila kitu.

Wanunuzi nilishakuandikia habari zao. Gwilym ni mwalimu wa hesabu, kijana mrefu anayeinama kila mlango hata usiomgusa. Mkewe ni Non, na wana mtoto wa miezi minne, Gwenllian. Benki yao ilimtuma mkaguzi Septemba, katika ile wiki moja ya jua. Alipita na kidude chake cha kupimia unyevu, chenye sindano mbili, anakichoma ukutani na kukisikiliza kama daktari anayepima kifua. Jikoni kidude kimya, ngazini kimya, vyumba vya juu kimya. Alipofika sebule ya mbele akalitazama kabati la mama pale kwenye ukuta wa upande wa mlima, kando ya meko, na zile sahani zake arobaini na tatu za bluu, akauliza kama linasogezeka. Nikamwambia halijasogezwa tangu babu alisimamishe pale, na kwamba akivunja sahani moja atanijibu mimi kwanza, kisha atakwenda kumjibu mama mbinguni. Alicheka, akasema hakulipwa kuhamisha samani. Akaandika kwamba nyumba ni kavu, akanywa chai, akaenda zake.

Basi ikabaki kusubiri siku ya kutia sahihi na kukabidhi funguo. Nilikuwa na furaha, Morfydd, sitaki uje ukadhani vinginevyo. Nilikuwa nimeshapima kwa hatua, jikoni kwangu, ukubwa wa vile vyumba viwili ulivyonitafutia mtaani kwako, nikaona kiti changu kitaenea dirishani na kutoka pale nitaona mlango wako.

Jumanne ya wiki ile, siku tatu kabla ya kutia sahihi, Huw Chokaa alikuja na gari lake kulichukua kabati akuletee. Huw unamkumbuka, alisoma darasa moja na marehemu Ifor wangu. Jina la Chokaa limemganda kwa ajili ya kazi yake ya kupiga lipu, kama vile baba yake alivyokuwa Maziwa na mjomba wake Kaburi. Alikuja na mkwewe. Tulishusha sahani, tukazifunga kwa magazeti, wao wakashika kabati, huyu huku na huyu kule, wakavuta. Halikutoka. Wakavuta tena, ndipo nikasikia sauti ya kuchanika, na karatasi ya ukutani ikatoka na mgongo wa kabati kama ngozi ya juu ya maziwa.

Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi. Kuanzia sakafuni mpaka kifuani pa Huw ulikuwa umelowa chepechepe, una manyoya meupe ya kuvu, na lipu ilikuwa inadondoka yenyewe bila kuguswa. Harufu iliyotoka ni ya pishi la viazi vilivyosahauliwa. Huw alitia kidole kikazama mpaka kiungo cha pili. Akasema, "Eluned mama, huu si ukuta tena, hii ni keki." Mkwewe akasema kwa unyevu ule tungeweza kupanda vitunguu na mauzo yake yakamlipa wakili. Nilicheka nao, kwa kuwa sikujua nifanye nini na uso wangu.

Kisha Huw akaacha mzaha. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho moto uliwashwa katika chumba kile. Nikamjibu bila kupepesa jicho kwamba ni Alhamisi iliyopita, walipokuja akina mama wangu wa Alhamisi kunywa chai. Alitazama meko, mahali nilipoweka lile pambo la maua ya karatasi, akaona vumbi lake. Akalisogeza pambo kando, akapiga magoti, akaingiza mkono juu ndani ya dohani ya kutolea moshi mpaka begani. Akavuta furushi kubwa jeusi, linachuruzika maji na masizi, zito kama kondoo aliyezama. Alilikunjua kidogo, akaliona ni nini. Akavua kofia yake, akaliweka sakafuni taratibu, akamtuma mkwewe nje akaangalie matairi. Furushi hilo nitalirudia, dada. Nivumilie.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Dohani iko wazi juu, mvua inaingia. Moto ukiwaka, mvua hiyo si kitu. Lakini mtu akiziba chini, maji hayana pa kwenda ila ndani ya mawe, na ule ukuta umekunywa miaka na miaka. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na ukuta ndio uliooza.

Huw ni rafiki, na rafiki hutafuta njia. Aliniambia anayo rangi nzito ya lami gari­ni, aipake leo, kesho abandike karatasi juu yake, arudishe kabati, na nimwambie Non kwamba kabati nawaachia kama zawadi ya nyumba. Mpaka manyoya yatokee tena itakuwa masika, mimi niko Liverpool nakunywa chai. Funika kombe mwanaharamu apite, alisema, ila alikuwa akitazama viatu vyake. Nilimwomba arudishe kabati kwanza, anipe siku moja. Wakalirudisha. Nikazipanga sahani zote upya peke yangu, na kazi hiyo ilinichukua mpaka saa ya chakula cha jioni ambacho sikukila.

Nikuambie kweli niliyowaza? Niliwaza kwamba hakuna anayejua. Niliwaza mkaguzi wao wenyewe ameandika ni kavu, na kwamba benki ina fedha na mimi nina magoti. Niliwaza dirisha langu la Liverpool na mlango wako. Nilikuwa nimeshaamua, Morfydd. Nilikuwa nimeamua kumwambia Huw apake.

Jumatano mchana Non akaja kupima mapazia. Mtoto alikuwa amefungwa kwa shali ubavuni, kama mama zetu walivyotubeba, na Non alikuwa na futi ya kupimia mdomoni na penseli nyweleni. Alipima dirisha la mbele, akaandika, nami nikamwambia kabati nawaachia. Akanionyesha kwa mkono pale lilipo. Alisema kama kweli nawaachia, wao watalipeleka jikoni, maana pale ukutani ndipo kitakapokaa kitanda cha Gwenllian. Ni upande mzuri, alisema, hauna upepo wala kelele za barabara. "Atalala humu kama malkia, bibi." Nikamwambia ndiyo, ni chumba kizuri. Nikamsindikiza mlangoni. Nikamwacha afike getini.

Kisha nikamwita. Sikujua nitasema nini, basi nikamwambia anisaidie kushusha sahani. Alishangaa, lakini ni mtoto aliyelelewa vizuri, akarudi. Tulizishusha zote arobaini na tatu, mimi nampa, yeye anaziweka mezani, na kila sahani nilijiambia naweza bado kuishia hapa, nimwambie nilitaka tu zifutwe vumbi. Rafu zilipobaki tupu sikuwa na kisingizio. Nikamwomba amlaze mtoto kitini, tukasukuma.

Aliweka kiganja ukutani, akakitazama. Jambo la pili alilofanya ni kumchukua mtoto kutoka kitini na kusimama naye upande wa pili wa chumba, karibu na mlango. Akanishukuru. Sauti yake ilikuwa ndogo. Halafu akaniuliza, si kwa ubaya, ni kama mtu anayetaka kuelewa: "Lakini bibi, wewe umeishije humu?" Nikajibu kabla sijajizuia kwamba siishi humu.

Jioni Gwilym alikuja mwenyewe. Hakuketi. Alisema wameshatoa notisi ya nyumba ya kupanga, masanduku yamefungwa, na kwamba ningewaambia Septemba, si leo. "Mama, tulikuamini," alisema, akainama mlangoni akatoka. Alikuwa na haki, maana masika iliyopita niliiona sahani moja ya rafu ya chini ina manyoya meupe nyuma yake. Niliifuta kwa aproni, nikairudisha mahali pake. Benki yao ikajitoa kesho yake. Wamepata nyumba kule bondeni karibu na shule, mpya, ya matofali, haina uzuri wowote lakini ni kavu. Non aliniandikia kadi ya kuniaga. Hajaja tena, na simlaumu.

Na yule mwenye vile vyumba viwili mtaani kwako, najua hakuweza kungoja. Wakili aliniambia vimepata mpangaji. Pole kwa usumbufu wako wote, dada, na mapazia uliyonishonea.

Huw alikataa kupaka lami. Alisema aliisema tu kwa kunihurumia na anaona aibu. Amebandua lipu yote mbovu, akayaacha mawe wazi, akanipa maagizo kama ya hospitali. Ukuta wa mawe wa futi mbili haukaushwi kwa rangi, alisema, dawa yake ni moto na mtu. Moto kila siku mpaka Pasaka, ndipo atapiga lipu ya chokaa. Na nisiwashe halafu nikakimbilia jikoni, maana moto usio na mtu huzimika saa nne asubuhi, naye ananijua. Baada ya hapo alikwenda kwenye kazi Bangor, na hatarudi mpaka Krismasi ipite.

Kwa hiyo barua hii naiandika nikiwa sebuleni. Ni siku ya kumi na moja sasa. Nimevuta kiti karibu na meko, mawe yale yananitazama, nami nayatazama.

Sasa furushi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na ukuta wa mama yangu, basi acha nimalize mwenyewe.

Lile furushi ni koti la Ifor. Ni lile koti jeusi la Jumapili ulilomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza Liverpool, ukalileta mwenyewe kwa treni mwaka tuliooana. Uliniuliza baada ya mazishi ni nani amelipata, nikakuandikia kwamba nimempa maskini mmoja wa bondeni, mrefu kama Ifor, na kwamba nikimwona kwa mbali barabarani moyo wangu hufurahi. Hakuna maskini huyo. Nilimbuni.

Unajua Ifor alivyokufa. Vumbi la machimbo lilimjaa kifuani, ngazi zikamshinda, tukamshushia kitanda sebuleni, na miezi mitatu sauti yake pekee ilikuwa kikohozi. Nilichokuficha ni kwamba baada ya kumzika, kikohozi kilibaki. Upepo wa Januari ukishuka kwenye dohani ile hutoa sauti ileile, huanza chini, hukwama, hungoja, kisha hutoka. Watu walikuwa wameshatawanyika, wewe umerudi Liverpool, na mimi niko jikoni nasikia mume wangu anakohoa sebuleni na siwezi kumpelekea maji. Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nilichukua kitu kizito kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikakisokomeza juu kwa ufagio mpaka sauti ikakata. Nikaweka maua ya karatasi, nikafunga mlango. Hiyo ni miaka kumi na moja, karibu kumi na mbili.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni Alhamisi.

Hakuna akina mama wa Alhamisi. Walikuwapo mwaka wa kwanza, ni kweli, nao niliwakaribisha jikoni nikidai sebule inapakwa rangi. Wakaacha kuja mmojammoja, kama watu wanavyoacha. Menna alihamia kwa binti yake. Kanisa lilifungwa, siku hizi wanauza mazulia mle ndani. Jane Parry alikufa miaka saba iliyopita, Morfydd, na mimi Agosti hii nilikuandikia kwamba amenichekesha mpaka nikamwaga chai. Mikate ya zabibu niliyokuandikia naoka kwa ajili yao, niliioka kweli. Niliila mwenyewe, kipande kila siku, wiki mbili kwa mkate mmoja.

Ulinitaka nije kwako mwaka aliokufa Ifor, nikasema siwezi kuwaacha wageni wangu. Stan wako alipofariki ulitaka kuja wewe, ukae nami baridi nzima, nami nikakujibu kwamba sebule imejaa watu na kwaya inafanya mazoezi humo. Ulikuwa umetoka kumzika mume na nikakunyima kiti. Nilifanya hivyo kwa sababu ungekuja ungeona. Ungefungua ule mlango, ukasikia harufu, ukanitazama kwa yale macho yako, ukajua kwamba mdogo wako, aliyekuwa akicheka kuliko wote mezani, hupitisha wiki nzima bila kutamka neno ila kwa mwenye duka. Niliona haya. Afadhali uniudhikie kwa kuwa na watu wengi kuliko unihurumie kwa kutokuwa na hata mmoja. Ndivyo nilivyopiga hesabu yangu, nami siku zote nilikuwa dhaifu wa hesabu. Nisamehe.

Vyumba vya mtaani kwako vimeondoka, na nyumba hii haitapata mnunuzi kabla ya kiangazi. Siwezi kuja, kwa kuwa moto haukubali kuachwa. Basi nakuomba nilichokunyima. Njoo wewe. Ngazi zisikutishe, kitanda nitakileta chini, humu humu sebuleni, upande wa dirisha ulio mkavu. Nimekwishamwandikia Huw, na amejibu kwamba siku yoyote utakayotaja ataacha ndoo na mwiko wake Bangor akupokee stesheni kwa gari. Makaa yapo tele. Nafasi ipo, dada. Nafasi haijawahi kukosekana.

Dohani iko wazi, kwa hiyo upepo ukivuma kikohozi hurudi. Siku za mwanzo nilikuwa natoka uani nasimama kwenye mvua mpaka kiishe. Jana nilibaki. Nilikaa nikakisikiliza chote, nikalia kidogo, kisha nikaongeza makaa.

Wasalimie majirani uliowatangazia, na uwaombe radhi kwa niaba yangu. Jifunike shingo ukitoka. Usinijibu kwa barua ndefu ya kunisuta, utanisuta ukifika, tutakuwa na muda mpaka Pasaka. Niandikie siku na saa ya treni tu.

Ni mimi mdogo wako,
Eluned

Nimesahau kukwambia. Viti humu ni viwili. Cha pili nimekitandazia koti la Ifor likauke. Mgongo umeshakauka, mikono bado. Ukija nitaliondoa.